Mafia: Mji Unahama, Watu Wanabaki

Mwambie mtu wa Dar kwamba unakwenda Mafia, kwanza atakutania kuhusu majambazi wa Kitaliano. Akimaliza kucheka atakuuliza kama kuna chochote huko zaidi ya nazi na samaki. Basi ndugu msomaji, leo tuzungumze historia kidogo.

Kisiwa hiki kiko mbele ya delta ya Rufiji. Wageni wengi hufuata potwe, yule papa mkubwa asiye na madhara kwa mtu, anayeonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Wengine huzamia kutazama matumbawe ya Ghuba ya Chole. Ni vizuri sana. Ila wachache hujiuliza kwa nini mji mkuu wa kisiwa uko Kilindoni.

Enzi za Kilwa, mji uliovuma ulikuwa Kisimani, upande wa magharibi. Sehemu kubwa ya mji huo imekwishaliwa na bahari. Mwingine ulikuwa Kua, katika kisiwa jirani cha Juani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia, wakaua, wakachukua mateka. Leo magofu ya nyumba na misikiti ya Kua yamesimama vichakani, na mizizi inapasua kuta zake.

Baada ya Kua, makao ya utawala yakawa Chole, kisiwa kidogo ambacho sasa kinajulikana kwa popo wake wakubwa. Mwaka 1890 Mafia ikaangukia mikononi mwa Wajerumani, nao wakatawala kutoka hapohapo. Mwaka 1913 wakahamia Kilindoni, wakitafuta maji yenye kina kwa ajili ya meli zao. Hawakufaidi muda mrefu. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, na ndege zao zikaruka kutoka hapo kuisaka Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha Rufiji. Julai mwaka huohuo ikaangamizwa.

Umeona mtiririko huo? Kisimani ilichukuliwa na maji, Kua ikavunjwa na wavamizi, Chole ikaachwa kwa ajili ya meli za wakoloni. Mvuvi wa Juani au Chole hakuulizwa lolote, lakini vijukuu vyake bado wapo, wanatega samaki kwenye maji yaleyale.

Ndiyo maana mwaka 1995 una uzito. Mwaka huo ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye kilomita za mraba 822. Tofauti na hifadhi nyingi za wanyama za bara, hapa vijiji vilibaki ndani ya mipaka. Baadhi ya maeneo yamefungwa kwa uvuvi, mengine yanavuliwa kwa masharti. Baruti zilizokuwa zikivunja matumbawe ni marufuku, na juya la kukokota vilevile.

Kwa mwenye dau moja na watoto sita, masharti hayo si mzaha. Matumbawe yakifa atalala njaa kesho. Eneo likifungwa bila yeye kushirikishwa, atalala njaa leo. Hifadhi itadumu pale tu atakapokuwa na sauti ndani yake.

Kwa hiyo ukienda, mtazame potwe, kisha uvuke mpaka Juani. Mtafute mwenyeji akutembeze Kua, umlipe vizuri, na umsikilize. Kuta zile haziwezi kujisimulia zenyewe.