Mamba Muntu, mwanamke wa majini aliyetawala saloni za Lubumbashi

Katika miaka ya 1970, mgeni aliyeingia kwenye nyumba ya mfanyakazi mjini Lubumbashi, iwe Katuba, Kenya au kampi za Gécamines, mara nyingi alikuta mwanamke akimtazama kutoka ukutani. Juu ni binti mrembo, ngozi nyeupe, nywele ndefu, kifua wazi, saa mkononi. Chini ni samaki. Nyoka amemzunguka. Huyo ndiye Mamba Muntu. Wachoraji wa mji walimchora kwenye kitambaa cha mifuko ya unga, na picha yake ilikuwa kati ya zile zilizonunuliwa zaidi.

Wanunuzi hawakuwa Wazungu. Wale walikuwa na wachoraji wao tangu 1946, Pierre Romain-Desfossés alipofungua karakana ambamo Pili Pili na Mwenze Kibwanga walipata sifa. Mamba Muntu alinunuliwa na walimu, makarani na wachimba shaba, kwa feza ya mshahara.

Hadithi za watu wa majini ni za kale huku Kongo. Lakini nyoka yule na nywele zile vina safari ndefu. Katika miaka ya 1880 kiwanda cha uchapaji cha Friedländer mjini Hamburg kilitoa picha ya mwanamke mchezesha nyoka. Picha hiyo ikafika Afrika Magharibi, watu wakaona ndani yake Mami Wata. Mwaka 1955 ilichapwa upya Bombay, nakala 12,000, zikapelekwa Kumasi, Ghana. Tangazo la maonyesho likawa mzimu wa maji!

Mvuto wake ulikuwa nini basi? Urembo, ndiyo, nani atakataa. Huko Marekani, Gil Elvgren alichora wasichana wa kalenda walioning'inizwa kwenye magaraji, wanaotabasamu mwaka mzima bila kudai kitu. Mamba Muntu anadai. Mwanaume akipata unywele wake, atamtokea ndotoni kuutaka, naye atampa utajiri. Sharti ni kunyamaza kabisa, na mara nyingine kuachana na wanawake wengine. Akivunja ahadi, mali inapotea, au mtu wa familia anakufa.

Katika mji wa shaba, ambapo kila jirani alijua mshahara wa jirani yake, hadithi hiyo ilijibu swali zito: fulani amepata wapi gari? Ndiyo maana picha hiyo ilikaa vizuri pembeni ya ile ya Colonie belge, yenye mfungwa anayepigwa fimbo mbele ya afisa mzungu. Zote ziliitwa ukumbusho. Moja ilikumbusha mateso ya jana, nyingine bei ya raha ya leo. Bwana wa nyumba alipenda kumtazama, na mama wa nyumba alipata neno la kumwambia.

Kisha bei ya shaba ikaanguka, mishahara ikakosa nguvu, na wanunuzi wakapungua. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 makanisa ya uamsho yalikuwa yakihubiri kwamba picha hiyo inaingiza pepo nyumbani. Ukutani akawekwa Yesu. Mamba Muntu aliyebaki amehamia kwa wakusanyaji na makumbusho za Ulaya. Lubumbashi anasikika bado, hasa katika mahubiri, mchungaji anapoeleza utajiri wa ghafla unatoka wapi.