Kuhama Dar kwenda Mwanza: hesabu niliyoikosea



Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza swali lile lile: "Kaka, nimepata uhamisho wa Mwanza, maisha huko yakoje? Ni rahisi kuliko Dar?" Nimejibu kwa simu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja, atakayeuliza tena namwelekeza hapa. Mimi nilihama Januari 2022 na mama watoto na watoto wawili, kutoka Tabata kuja huku kwenye jiji la miamba, na nitawapa hesabu zangu mwenyewe. Bei zinabadilika, hivyo msizishike kama msahafu. Shikeni namna ya kuhesabu, maana hapo ndipo nilipokosea.

Jibu fupi: ndiyo, Mwanza ni nafuu. Lakini mwaka wa kwanza nilikuwa na hali mbaya kuliko nilivyokuwa Dar, kwa mshahara ule ule. Jibu refu ndilo hili.

KWANZA TUELEWANE

Kuna watu wa Dar wanadhani ukishapita Chalinze kila kitu ni kijijini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Mkoa wa Dar es Salaam na 3,699,872 Mkoa wa Mwanza. Huku kuna foleni, kuna madalali, kuna wajanja. Na ni mbali: kwa barabara kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga ni zaidi ya kilomita 1,100. Huo umbali uweke akilini, utarudi baadaye kudai chake.

VITU VILIVYOSHUKA

Kodi ya nyumba ndiyo inayowavutia wengi. Tabata nilikuwa nalipa 300,000 kwa mwezi, vyumba viwili, sebule na choo ndani. Buswelu nikapata nyumba ya namna hiyo hiyo, tena yenye uwanja wa watoto kuchezea, kwa 180,000. Ila angalieni: mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye akachukua kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo kabla sijalala hata usiku mmoja nilishatoa 1,260,000. Ukija na pesa ya mwezi mmoja mfukoni utalala gesti mpaka ushangae.

Jambo jingine, Mwanza ni vilima na mawe. Nyumba za mlimani kule Igogo au Mabatini unaweza kuzipata kwa bei ya chini zaidi, lakini kabla ya kulipa panda mwenyewe kwa miguu, halafu jiulize mtungi wa gesi utafikaje, na maji je? Kwenye miinuko maji ya bomba yanaweza kufika kwa shida, na ndoo ya kupandishiwa inalipiwa. Niliona nyumba moja nzuri ya 90,000, nikahesabu ngazi za mawe, nikashuka zangu taratibu.

Nauli nayo ilishuka. Dar nilikuwa napanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, pamoja na bodaboda za hapa na pale ilikuwa kama 60,000 kwa mwezi. Huku nilitumia kama 22,000. Na saa mbili za foleni kila siku nilirudishiwa. Hilo ni jambo kubwa, nakiri.

Chakula inategemea unakula nini. Mchele wa kanda hii, nyama, maziwa, viazi vitamu na dagaa, hapo unapumua. Samaki ni hadithi nyingine. Wengi tunakuja tukidhani sangara atakuwa wa bure kwa sababu ziwa lipo mlangoni. Sangara mzuri anagombewa na viwanda vya minofu vinavyouza Ulaya, kwa hiyo mwananchi wa kawaida anashindana na mnunuzi wa Ulaya palepale mwaloni. Ndiyo maana kuna biashara ya mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki baada ya minofu kutolewa. Kwa ujumla jikoni kwetu tuliokoa kama 40,000 kwa mwezi.

VITU AMBAVYO HAVIJALI UKO WAPI

Hapa ndipo watu wengi wanajidanganya. Kuna gharama zimepangwa kwa nchi nzima, ukihama zinahama na wewe.

Umeme: bei ya uniti ya LUKU ni ile ile Mwanza na Dar. Kinachobadilika ni matumizi. Mwanza iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, usiku kuna ubaridi. Feni yetu iliyokuwa inazunguka usiku kucha Tabata sasa imekaa juu ya kabati. Ukiweza kubaki kwenye uniti zisizozidi 75 kwa mwezi unaweza kuwekwa kwenye tarifa ya matumizi madogo, ambayo uniti zake ni rahisi zaidi.

Daladala: nauli inapangwa na LATRA kwa kilomita. Kwa hiyo mimi sikuokoa kwa sababu daladala za Mwanza ni rahisi. Niliokoa kwa sababu nilipanga karibu na kazi. Rafiki yangu aliyepanga Kisesa huku kazi yake iko Nyegezi hakuokoa kitu.

Vifurushi vya simu: vile vile. Tena utaongeza, kwa sababu wote uliokuwa unawafuata kwa miguu sasa utawapigia.

VITU VILIVYOPANDA

Mafuta ya gari. Bei kikomo zinatolewa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, zitazame mwenyewe: lita ya petroli Mwanza huwa juu ya Dar kwa zaidi ya shilingi mia, kwa sababu inasafirishwa kutoka bandarini. Kwa sababu hiyo hiyo, vitu vingi vinavyoshukia bandarini, vyombo vya umeme, vipuri, vitambaa, ukivinunua huku unalipia na safari yake. Kumbukeni hiyo ya vitambaa.

Nazi. Mtu wa pwani usicheke. Wali wa nazi wa kila Ijumaa uligeuka wali wa sikukuu.

Afya. Malaria Kanda ya Ziwa bado iko juu kuliko Dar, kwa hiyo chandarua siyo mapambo. Na ziwani kuna kichocho, watoto waliozoea kuoga Coco Beach waelezwe mapema kwamba hapa hatujirushi tu majini. Mdogo wangu alipata malaria mara mbili mwaka wa kwanza. Dawa, nauli, siku za kazi, vyote ni hela.

VITU AMBAVYO SIKUVIANDIKA KABISA

Sasa tuje kwenye kosa. Kabla ya kuhama nilikaa na daftari nikaandika: kodi inashuka 120,000, nauli 38,000, chakula 40,000. Jumla 198,000 kwa mwezi. Nikamwonyesha mama watoto, nikamwambia mwenzangu, tumeula. Yeye akaniuliza swali moja tu: "Na cherehani yangu umeiandika wapi?"

Nikamjibu cherehani si tunaibeba.

Cherehani tuliibeba kweli. Wateja hatukuwabeba. Pale Tabata alikuwa anashona barazani kwetu, miaka sita, kila mama wa mtaa anamjua, na mwezi wa kawaida alibaki na faida ya kama 280,000. Kitambaa alikuwa anafuata Kariakoo asubuhi na mchana ameshakata. Buswelu hakuna aliyemjua, kitambaa ni ghali kidogo, na hata salamu tulikuwa tunajifunza: mtu anakuambia "mwangaluka", wewe unatoa macho. Miezi minane ya kwanza alipata kama 40,000 kwa mwezi. Hiyo ni 240,000 iliyopotea, dhidi ya 198,000 niliyojisifia kuiokoa. Chukua kalamu utoe mwenyewe.

Cha pili, mama mdogo wake alikuwa anakaa nyumba ya tatu. Mtoto akitoka shule anapitia kwake, anakula, analala, hakuna aliyewahi kuandika hiyo kama gharama. Huku ilibidi tutafute dada wa kazi, 60,000 kwa mwezi pamoja na kula na kulala. Msaada wa ndugu hauna risiti, ndiyo maana tunausahau.

Cha tatu ni ule umbali. Mama yangu anaishi Mbagala. Nikiwa Tabata nilikwenda kila Jumapili kwa daladala. Agosti 2022 nilipigiwa simu saa saba mchana kwamba amelazwa na atafanyiwa upasuaji. Mabasi yalishaondoka alfajiri, na ya usiku wakati ule yalikuwa hayajaruhusiwa, yameruhusiwa 2023. Ndege nikaulizia, bei ya dakika za mwisho ilikuwa inazidi uwezo wangu. Nikaondoka kesho yake alfajiri, nikafika Mbezi usiku, nikamwona asubuhi ya siku ya tatu. Alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji, na alipona, Mungu ni mwema. Lakini dada yangu aliniambia kitu mlangoni pale wodini: "Alikuwa anakuulizia kabla hawajamwingiza." Hiyo hata ukiwa na daftari kubwa namna gani, huna mstari wa kuiandika.

Safari za mwaka ule, ya mama na misiba miwili, ziliniondolea kila nilichokuwa nimekiweka akiba.

HIVYO, KABLA HUJAFUNGA MIZIGO

1. Gawa daftari sehemu tatu: vinavyoshuka, visivyobadilika, na unavyoviacha. Ile ya tatu ndiyo uanze nayo.

2. Andika kipato cha NYUMBA NZIMA, siyo mshahara wako. Kama mwenzako anauza, anashona au anasuka, chukulia kwamba miezi sita ya mwanzo atapata karibu na sifuri. Ukiona bado mnaweza kula, hamieni.

3. Tenga fungu la dharura la nauli ya kwenda na kurudi ya watu wawili, na usiliguse. Jifanye halipo.

4. Njoo wewe kwanza mwezi mmoja, panga chumba, tembea Kirumba, Igoma, Nyakato, Buhongwa, Mkolani. Ujue kazi iko upande gani ndipo utafute nyumba. Dalali akikuharakisha, mwache aende.

5. Vitanda na makabati makubwa viuze huko huko. Mafundi seremala wapo huku, na gharama ya kusafirisha kitanda inakaribia bei ya kitanda kingine. Beba cherehani, vyombo na vyeti.

6. Watoto wahamishe mwisho wa mwaka wa shule, na uondoke na barua ya uhamisho pamoja na namba ya PReM ya mtoto. Mimi niliisahau ya mmoja, ikanigharimu wiki mbili za simu.

7. Kama una ndugu Sengerema au Geita, hiyo ihesabu kama faida. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko pale. Ndugu wa karibu ni mtaji.

Je, najuta? Hapana. Mwaka 2023 mama watoto alipata kibanda Igoma, akaanza kushona sare za shule, na sasa Januari hatulali kwa kazi. Hajafikia bado ile ya Tabata ukizingatia bei zilivyopanda, lakini anakaribia. Watoto wanaongea Kisukuma kuniteta mbele yangu. Jioni saa kumi na moja na nusu niko nyumbani, kitu ambacho Dar sikukijua. Lakini mama yangu sasa ana miaka 74, na kila simu inayoingia kutoka Mbagala mchana moyo unaruka kwanza ndipo nipokee. Hiyo nayo ni gharama ya maisha, na inalipwa kila mwezi.

Wadau mlioko Mwanza, na nyie mliohamia Dodoma, Mbeya na kwingineko, ongezeeni pale nilipopungukiwa. Hasa akina mama, maana daftari langu lilikosewa na mwanaume.