Kufunga Miguu: Tiba Iliyotangulia Elimu Yake

Mwaka 1553, majeshi ya Kaisari Charles wa Tano yalipoiteka ngome ya Hesdin, katika nchi ambayo leo ni kaskazini ya Ufaransa, miongoni mwa mateka alikuwamo Ambroise Paré, tabibu wa upasuaji wa Mfalme Henri wa Pili, ambaye, akichelea kutozwa fidia kubwa iwapo cheo chake kingejulikana, alimpa askari mmoja koti lake la mahameli na kizibao chake cha atlasi, akapokea matambara badala yake, na kujipaka masizi apate kudhaniwa fukara. Hila ile haikumfaa sana, kwani ustadi wa mikono yake ulimfichua. Liwali wa mji wa Gravelines, wa upande wa Kaisari, aliyeuguza donda la mguu kwa miaka 6 au 7, alimwahidi uhuru bila fidia endapo angemponya. Paré akalitibu donda, akauzungushia mguu kitambaa kuanzia wayo hadi gotini, na lilipoelekea kupona, liwali akatimiza ahadi yake.

Kufunga miguu hakukuanza kwa Paré, maana maandishi ya Kiyunani yanayonasibishwa na tabibu Hippocrates yanakutaja karne nyingi kabla yake. Lakini wazee hao wote walifunga bila kujua wanachokizuia, na wengi wao waliamini kwamba donda la mguu ni mlango wa kutolea vioevu vibaya vya mwili, hata wakaona hatari kuliacha lifunge.

Sababu ilifunuliwa polepole. Mwaka 1603 tabibu Fabricius wa Padua, Italia, alitoa kitabu juu ya vali, yaani vilango vidogo, zilizomo ndani ya vena, mishipa irudishayo damu moyoni, na mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, alibainisha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini, na kwamba vali hizo huizuia isirudi ilikotoka. Zinapolegea, damu hushuka tena na kutuama miguuni. Vifundo huvimba, ngozi ya muundi huwa nyeusi na ngumu, na mkwaruzo mdogo huwa donda la miaka. Kitambaa kilichokazwa huibana mishipa iliyotanuka, na misuli ya shavu la mguu, kila mtu apigapo hatua, hupata mahali pa kuegemea inapoisukuma damu juu. Ndiyo maana mgonjwa aliyefungwa hutakiwa atembee, wala asilale kutwa.

Richard Wiseman, tabibu wa upasuaji wa Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, ambaye katika risala zake za mwaka 1676 alilinasibisha donda na ugonjwa wa vena, alitumia soksi ya ngozi ya mbwa iliyokazwa kwa kamba. Chombo kizuri, ingawa sidhani kama kilivaliwa kwa raha. Karne ya 19 ikaleta mpira uliotiwa kiberiti, na mwaka 1848 William Brown akapata hataza ya soksi zilizofumwa kwa nyuzi za mpira huo.

Hata hivyo, heshima kubwa kuliko zote, kwa hukumu yangu, yamstahili mtu asiyekuwa tabibu kabisa. Conrad Jobst, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyekaa Toledo, jimbo la Ohio, Marekani, mwenyewe aliugua madonda ya miguu, na aliposimama ndani ya bwawa la kuogelea alihisi nafuu ambayo dawa hazikumpa. Mhandisi hakuridhika na nafuu tu, bali aliitafutia sababu: maji hukandamiza zaidi kadiri kina kinavyozidi, kwa hiyo huubana mguu kwa nguvu kifundoni na kwa upole juu yake. Katikati ya karne ya 20 akaunda soksi zenye kukaza kwa mpango huo huo, na hadi leo soksi za tiba hupimwa mkandamizo wake kwa milimita za zebaki, kipimo kikubwa kikiwa kifundoni.

Basi, msomaji mwenye miguu inayovimba, usijifunge kabla tabibu hajapima kama damu ya ateri, mishipa itoayo damu moyoni, inafika vyema miguuni mwako, kwani mguu wenye ateri zilizoziba ukikazwa huweza kuoza.