Chuma cha Zamani, Akili ya Bei Nafuu

Hapa Mpanda ukitaja mashine, wengi hufikiria ile ya kukoboa mpunga au kusaga mahindi. Mimi nakusudia ile ya kuchonga chuma, ambayo mafundi huiita milingi. Hiyo ndiyo huchonga gia, na bila gia mashine nyingine hazizunguki. Mji wetu ulianza kukuzwa na machimbo ya risasi, na reli ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili yake. Machimbo yakafungwa mwaka 1960, nasi tukabaki mwisho wa reli. Kipuri kikivunjika wakati wa mavuno, na hapa hakuna wa kukichonga, mpunga wa watu hulala katika magunia.

Milingi haizeeki upesi. Mwili wake ni chuma cha kusubu, nao unaweza kudumu nusu karne na zaidi. Kinachochakaa mapema ni akili inayouendesha. Na jambo la kuifunga mashine kuukuu akili mpya si la jana. Milingi ya kwanza kuongozwa kwa namba, iliyoonyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT kule Marekani, ilikuwa Cincinnati Hydro-Tel ya kawaida iliyoongezewa makabati ya valvu na utepe wenye matundu. Makabati hayo yaligharimu fedha ambazo karakana ndogo isingeweza hata kuziota.

Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana, Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ilikuwa na sababu, maana kompyuta ya Hazina ilikuwa imeitia hasara. Lakini mwaka huo huo kampuni ya Texas Instruments ilianza kuuza TMS 1000, yaani kompyuta nzima ndani ya kipande kimoja kidogo, ambacho leo tunakiita maikrokontrola. Tulikuwa tunalifungia mlango jitu lenye ukubwa wa chumba, kumbe linalokuja latosha mfukoni. Marufuku hiyo ilidumu hadi miaka ya 1990. Katikati yake, kwa msaada wa Bulgaria, tulijenga huko Hai kiwanda cha kutengeneza mashine za kuchonga chuma! Sijapata kuona mkono ukitangulizwa mbele ya kichwa namna hiyo.

Mwaka 2005, huko Ivrea nchini Italia, walimu walibuni bao la Arduino kwa ajili ya wanafunzi wasio mafundi wa elektroniki. Walimu, msomaji, hilo lilinifurahisha. Bao lao la Uno, la mwaka 2010, lina pini 14 za dijitali na 6 za analojia, na yale ya kuigiza huuzwa kwa bei ya chini sana.

Faida yake ndiyo hii. Fundi anayeiongoza milingi kuukuu kwa kompyuta ya mezani hutumia tundu la zamani la printa, lenye njia 12 za kutoa amri na 5 tu za kupokea habari. Mihimili mitatu, kila mmoja ukidai njia mbili, humaliza 6. Swichi za kuzuia meza isipite mpaka, kipimo cha kisu na kitufe cha dharura humaliza zile 5. Pampu ya maji ya kupozea na vitufe vya mkononi vitakaa wapi? Hapo ndipo bao dogo huingia: husoma swichi, huwasha pampu, kisha huzungumza na kompyuta kwa waya mmoja.

Nina angalizo moja tu. Bao hilo hutoa volti 5, kwa hiyo mota haiungwi kwake moja kwa moja. Lazima kuwe na rilei katikati. Na kitufe cha dharura kisiachiwe programu peke yake. Kikate umeme wa mota chenyewe, tena umeme ukirudi ghafla, kisu kisianze kuzunguka mpaka mtu aje akiwashe kwa mkono wake.