Mwaloni wa Hampton

Ukiwa Mwanza, mwambie dereva wa bodaboda akupeleke mwaloni. Atakushusha Kirumba, kwenye soko la samaki na dagaa ufukweni mwa Ziwa Victoria, wala hatakuuliza unatafuta mti gani. Kwake mwalo ni mahali mitumbwi inapotia nanga na watu wakashuka na mizigo yao. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili, kwa upande wake, anaujua mwaloni mwingine: ule mti wa Mamre, ambako Ibrahimu alipiga hema lake na kupokea wageni.

Katika mji wa Hampton, jimbo la Virginia, Marekani, maana hizi mbili zimekaa jirani kwa miaka mia nne. Kuna miti, na kuna mahali pa kushukia. Historia ya miti hiyo haieleweki bila kujua nani walishuka pale, na walishuka vipi.

Mti wenyewe wataalamu wanauita Quercus virginiana. Ni mwaloni wa kusini. Kwao hasa ni pwani za Georgia, Florida na Louisiana, hadi Texas, kwenye joto, mchanga na upepo wa chumvi. Mialoni mingine ya Marekani hupukutisha majani yote baridi inapoingia, lakini huu hubaki na majani mabichi mpaka mapya yatoke, ndiyo maana Waingereza waliuita mwaloni ulio hai. Haurefuki sana, unatanda. Matawi yake hujipinda, mengine yakainama karibu kugusa ardhi, na mbao zake ni nzito na ngumu kupita kiasi. Wajenzi wa meli waliyapenda matawi hayo yaliyopinda yenyewe, na manowari maarufu ya Marekani, USS Constitution, iliyoshushwa majini mwaka 1797, ina mbavu za mti huu.

Kusini-mashariki mwa Virginia ndiko mti huu unakoishia. Ukizidi kwenda kaskazini, baridi inaushinda. Hata hapo Hampton anayeubeba ni bahari, maana maji hupunguza makali ya msimu wa baridi. Kwa hiyo jina virginiana, alilolichapisha mtaalamu wa mimea Philip Miller mwaka 1768, lina kichekesho chake: mti umepewa jina la mpaka wake, si la kitovu chake.

Mpaka huo ulikuwa pia mlango. Mwishoni mwa Agosti 1619, meli ya Kiingereza iitwayo White Lion ilitia nanga Point Comfort, ncha ya nchi kavu ambayo leo ni sehemu ya Hampton. Ilikuwa na Waafrika ishirini na ushee, walioporwa kutoka katika meli ya Wareno iliyokuwa imetoka Luanda. Walikuwa watu wa Angola, wengi wao inaaminika walitoka ufalme wa Ndongo, ambako watu walisema Kimbundu. Hiyo ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili, na mtu kwao ni mutu. Hao mutu waliuzwa kwa chakula. Palepale Point Comfort, ndani ya ngome iliyojengwa baadaye, upo mwaloni unaokadiriwa kuwa na karibu miaka 500, unaoitwa Algernourne. Ikiwa makadirio hayo ni sahihi, mti huo ulikuwa umesimama siku ile walipofika.

Ngome hiyo, Fort Monroe, ilianza kujengwa mwaka 1819, miaka mia mbili baada ya White Lion, na watumwa walikuwa miongoni mwa waliobeba mawe yake. Kati ya 1831 na 1834 mmoja wa wahandisi wake alikuwa luteni kijana aitwaye Robert E. Lee. Ndiye atakayekuja kuwa jemadari wa majeshi ya kusini yaliyopigana kuulinda utumwa.

Mwaka huohuo wa 1831 Virginia ilipitisha sheria iliyofanya mkutano wowote wa watu Weusi huru wa kufundishana kusoma au kuandika kuwa mkusanyiko haramu. Mary Peake, mwanamke Mweusi aliyezaliwa huru Norfolk mwaka 1823, aliishi chini ya sheria hiyo karibu maisha yake yote. Mchana alikuwa fundi wa kushona nguo. Kwa siri, nyumbani kwake Hampton, aliwafundisha watumwa na watu huru kusoma.

Vita vilipoanza mwaka 1861, Virginia ilijitenga na Muungano, lakini Fort Monroe ilibaki mikononi mwa jeshi la Muungano. Usiku wa Mei 23, wanaume watatu watumwa, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walipanda mtumbwi na kuvuka maji kutoka Sewell's Point, ambako walilazimishwa kuwajengea wanajeshi wa kusini ngome ya mizinga. Walishuka Fort Monroe wakajisalimisha. Hawakuwa na hakika yoyote. Sheria ya Marekani ilikuwa bado inataka watumwa watoro warudishwe kwa wenyewe.

Kesho yake alifika ofisa wa upande wa kusini kuwadai. Jenerali Benjamin Butler, aliyeiongoza ngome, alikuwa wakili kabla ya kuwa mwanajeshi. Alijibu kwamba Virginia inajiita nchi nyingine, hivyo haiwezi tena kudai kulindwa na sheria za Marekani. Na kwa kuwa watu hawa walitumiwa katika vita dhidi yake, anawazuia kama magendo ya vita. Jibu lilikuwa la kijanja, na lilikuwa na doa: liliwaokoa kwa kukubali kwamba ni mali. Walioko mashambani hawakusubiri ufafanuzi. Walisikia jambo moja tu, kwamba wale watatu hawakurudishwa. Wakaanza kuja, wawili, kumi, familia nzima. Kabla vita havijaisha zaidi ya watu 10,000 walikuwa wamekimbilia eneo hilo.

Agosti 1861 wanajeshi wa kusini waliuchoma moto mji wa Hampton wasiwaachie adui zao wala watoro hao. Nyumba ya Mary Peake nayo iliteketea. Septemba 17, akiwa ameajiriwa na chama cha wamisionari, alifungua darasa, safari hii hadharani. Mapokeo ya mji yanasema somo la kwanza lilikuwa chini ya mwaloni, si mbali na ngome. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki picha hiyo haihitaji maelezo. Wengi wetu tuna mzazi au babu aliyejifunza a, e, i, o, u chini ya mwembe. Baadaye darasa lilihamia ndani ya nyumba, watoto mchana na watu wazima jioni. Kifua kikuu kilikuwa kinammaliza, naye aliendelea kufundisha hata akiwa kitandani. Alifariki Februari 1862, hajafikisha miaka 40.

Mwaka 1863, yasema mapokeo hayohayo, watu walikusanyika chini ya mti huo kusikiliza Tangazo la Ukombozi la Rais Abraham Lincoln likisomwa. Tangu hapo unaitwa Mwaloni wa Ukombozi. Lakini ukilisoma tangazo lenyewe utakuta orodha ya maeneo ya Virginia ambayo halikuyagusa, kwa sababu yalikuwa tayari chini ya Muungano. Katika orodha hiyo imo Elizabeth City, wilaya ambamo Hampton ilikuwemo. Kwa herufi ya sheria, tangazo halikumkomboa mtumwa wa mahali uliposimama mti unaobeba jina lake. Kilichofunga mjadala kwa nchi nzima ni marekebisho ya katiba ya Desemba 1865.

Mwaka 1868 ikafunguliwa jirani na mti huo shule ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Hampton. Mwanzilishi wake, Samuel Armstrong, aliamini kwamba watu waliotoka utumwani wafundishwe kazi za mikono na nidhamu kwanza. Booker T. Washington, aliyefika mwaka 1872, alisimulia kwamba mtihani wake wa kuingia ulikuwa kufagia chumba. Falsafa hiyo ilisafiri. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones aliyewahi kufundisha Hampton, ilizuru Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, Kenya, kwa mfano huo. W.E.B. Du Bois aliupinga mpango huo, akiuona kuwa njia ya kumweka Mwafrika mahali pake.

Kwa hiyo kivuli cha mwaloni ule kilitufikia na sisi, ila kilichotufikia ni jembe na ufagio wa Armstrong. Kitabu cha Mary Peake kilibaki nyuma, ingawa ndicho kilichotangulia. Hata tangazo alilitangulia. Alikufa miezi kumi kabla halijatiwa saini.

Mti bado upo, matawi yake yametanda takriban mita 30, na wageni huoneshwa mahali tangazo liliposomwa. Ningekuwa na mgeni wangu pale, ningeanzia majini, upande wa Sewell's Point, nimwoneshe walikotokea wanaume watatu usiku ule. Kisha ndiyo tungepanda kwenda kwenye mti, kwa mwalimu wao.