Mkono Unauma na Google Imekuambia ni ALS? Tulia, Hii Hapa Rada Kamili

Wasee wengi wanaijua hii stori. Mkono unaanza kuuma, vidole vinakufa ganzi, unachukua simu kuuliza Google shida ni gani. Dakika kumi baadaye ushaanza kuwaza nani atamwangalia mathe ukienda. Majina yanayotokea huko ni mazito: ALS, MS, Parkinson. Lazima uingize baridi.

Lakini kuna kitu kimoja ya kujua kabla hujakosa usingizi. Haya magonjwa makubwa ya neva kwa kawaida hayaanzi na uchungu wa mkono. Daktari akishuku ALS, anaangalia kwanza kama mkono umepoteza nguvu. Kuuma na kuishiwa nguvu ni vitu viwili tofauti, na ukivichanganya ndio unaanza kujizika ukiwa hai.

ALS huanza aje?

ALS inaharibu neva zinazoendesha misuli. Zile za kusikia uchungu na ganzi kwa kawaida haziguswi. Ndio maana dalili ya kwanza huwa ni kushindwa kufanya kitu: vifungo vya shati vinakataa, ufunguo hauzunguki kwa kufuli, kikombe kinaponyoka, nyama ya mkono inakonda. Mara nyingi hakuna uchungu. Na huo udhaifu hauji ukienda. Unaongezeka tu, mwezi baada ya mwezi.

Halafu ni ugonjwa nadra. Kwa nchi zinazoweka rekodi vizuri, hupatikana kwa kama watu 2 kati ya 100,000 kila mwaka, na wengi wao wamepita miaka 50. Ukweli usemwe, vijana pia hupata. Stephen Hawking, yule mwanasayansi wa Uingereza, aliambiwa anao mwaka wa 1963 akiwa na miaka 21, na akaishi hadi 2018. Lakini kesi yake inajulikana dunia nzima kwa sababu haikuwa ya kawaida.

Na ile misuli kurukaruka yenyewe, kwa kope, kwa mguu ama kwa kidole gumba? Karibu kila mtu huipata. Kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu, kukesha na stresi huileta. Kama nguvu ziko na nyama haijakonda, mara nyingi si ngori.

MS na Parkinson je?

MS inaweza kuleta ganzi kwa mkono, na wengi huipata wakiwa kati ya miaka 20 na 40, wanawake zaidi. Lakini ganzi yake inakaa siku kadhaa ama wiki bila kutoka. Haiji dakika tano ukishika simu ikaisha ukiiweka chini. Ishara yake nyingine ni jicho moja kuona ukungu na kuuma ukilizungusha. Pia ni nadra zaidi kwa nchi zilizo karibu na ikweta kuliko kule Ulaya Kaskazini.

Parkinson nayo huanza sanasana baada ya miaka 60. Mkono unatetemeka ukiwa umepumzika, na mwili unakuwa mzito na wa polepole. Kutetemeka ukinyoosha mikono kabla ya intavyuu ni kitu ingine kabisa.

Sasa kinachouma ni nini? Angalia ni vidole gani

Kila neva ya mkono ina vidole vyake. Ukijua ni vidole gani vinasumbua, ushapata nusu ya jibu.

*Kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete.* Hapa neva inabanwa ikipita kwa kifundo cha mkono, ndani ya njia nyembamba kama handaki. Hospitali wanaiita kapo taneli. Inakuamsha usiku, unakung'uta mkono kama unatoa maji, inaachilia. Huwapata sana wasusi, wasee wa nduthi, mafundi wa mashine zinazotetemeka na wamama wajawazito. Kisukari na shida za tezi ya shingo pia huileta.

*Kidole cha mwisho na nusu ya cha pete.* Neva hii inapita nyuma ya kiwiko, pale ukijigonga unasikia stima. Ukikaa na kiwiko kimekunjwa, kama kulala ukiwa na simu usoni ama kuegemea meza siku nzima, inalalamika.

*Chini ya kidole gumba, upande wa kifundo.* Hii mara nyingi si neva, ni kano zimechoka na kuvimba. Kuskroli, kucheza gemu na kubeba mtoto mchanga huichochea. Ficha gumba ndani ya ngumi, kisha uinamishe ngumi polepole upande wa kidole cha mwisho. Kama uchungu unakuchoma hapo kwa gumba, inawezekana sana ni hiyo.

*Uchungu unashuka kutoka shingoni hadi vidoleni.* Neva inaweza kubanwa kule juu kwa uti wa shingo. Ukigeuza shingo inazidi.

*Mikono yote miwili, na miguu pia, kama umevaa glavu na soksi.* Hii inahitaji vipimo vya damu. Kisukari, upungufu wa vitamini B12, pombe nyingi na HIV zinaweza kuumiza neva namna hiyo. Kama uko kwa dawa za TB, ambia kliniki, kwa sababu isoniazidi inaweza kuleta ganzi na kuna vitamini B6 ya kuizuia. Usiache dawa mwenyewe.

*Ganzi ya mikono yote na kuzunguka mdomo, moyo ukienda mbio.* Hofu inakufanya upumue haraka, na kupumua haraka kunaleta ganzi ya ukweli. Yaani kusoma kuhusu ugonjwa kunaweza kukupa dalili ya kukutisha zaidi.

Hizi usilenge hata kidogo

Nenda hospitali saa hiyo hiyo kama:

- Mkono umelegea ghafla, uso umeenda upande mmoja ama maneno yanatoka vibaya. Hiyo inaweza kuwa kiharusi, na kila dakika inahesabika hata kama una miaka 25.
- Mkono unauma pamoja na kifua kubanwa, jasho na kukosa pumzi. Inaweza kuwa moyo.
- Miguu imekuwa dhaifu pia, ama huwezi kuzuia mkojo.
- Mkono umevimba, una joto na una homa, ama umebadilika rangi na kuwa baridi baada ya kuumia.

Panga kuonana na daktari hivi karibuni kama vitu vinakuponyoka, nyama chini ya gumba inakonda, ganzi haitoki ama uchungu umepita wiki mbili bila kupoa. Hata kapo taneli, ambayo haiui mtu, ukiiacha muda mrefu inaweza kukausha msuli wa gumba na nguvu zisirudi zote. Kumbe kuogopa sana hadi unakwepa hospitali ndio kunaweza kukuharibia mkono.

Uanze wapi?

Si lazima uanze kwa daktari mkubwa wa neva. Anza kwa dispensari ama kituo cha afya cha serikali. Huduma za levo 2 na 3 zimepangwa kuwa bure kwa aliyejisajili SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kama hujajisajili, piga *147#.

Kabla uende, andika kwa simu yako kwa wiki moja: ni vidole gani, saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, nini iliachilia. Hiyo orodha itamsaidia daktari kuliko vile ulisoma usiku. Atakupima nguvu, atakugonga na kinyundo kidogo kwa viungo, na anaweza kuomba sukari ya damu. Kipimo cha kasi ya neva kipo, lakini ni bei na wengi hawakihitaji. Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi neva.

Ukingoja siku yako, lala na kifundo kikiwa kimenyooka. Splinti ya kifundo ya kuvaa usiku inauzwa kwa kemisti nyingi. Pumzisha mkono kila nusu saa ukichapa kazi, na simu isiwe kwa mkono mmoja siku yote. Diklofenaki ya kununua kila siku bila kuambiwa na daktari inaumiza tumbo na figo, na haifungui neva iliyobanwa.

Pia wacha kujipima. Ukifinya ngumi mara mia kwa siku kuona kama nguvu ziko, mkono utauma kwa sababu ya kufinywa. Jaribu vitu vya kawaida tu: umefunga vifungo? Umefungua chupa ya soda? Umekanda unga wa chapo? Kama mkono unafanya kazi zake ukiwa unauma, hiyo ni dalili nzuri.

Na kama daktari amekupima akasema uko fiti, lakini bado unakesha ukitafuta majibu mapya kila usiku, rudi umwambie hivyo pia. Hofu ya namna hiyo ina matibabu, na si ya kuonea haya.