Nani Aliyejenga? Hukumu ya Wapenzi wa Kandanda wa Pwani ya Kusini juu ya Senzo Mazingiza

Katika pwani yetu ya kusini, toka Kilwa Kivinje hadi Lindi, na hori ya Kiswere iko katikati yake, habari za kandanda hazisemwi kama habari za mchezo tu. Husemwa kama habari za dola. Timu ina enzi zake, ina wazee wake na hazina yake, na aliyeiongoza akiondoka hutungiwa tarikh, ijapokuwa haiandikwi kwa wino. Nakusudia hapa kuitazama tarikh moja ya namna hiyo, yaani hukumu ya wapenzi wa mpira juu ya Senzo Mazingiza, mtu wa Afrika Kusini aliyeshika utendaji mkuu wa Simba na kisha wa Yanga baina ya 2019 na 2022. Nimeichagua kwa kuwa mashahidi wake wangali hai, na madai yao yaweza kupimwa kwa miaka na magoli. Bahati hiyo mwenye kuchunguza habari za kale za Kilwa haipati mara nyingi.

Tuyaweke kwanza matukio. Mazingiza aliingia Simba Septemba 2019, akishika mahali pa Crescentius Magori. Msimu ule Simba ilitwaa ubingwa wa Bara, na tarehe 2 Agosti 2020, katika uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, ikatwaa Kombe la Shirikisho kwa kuifunga Namungo ya Ruangwa mabao 2 kwa 1. Juma moja halikupita sana: tarehe 9 Agosti alijiuzulu, na siku ile ile akaonekana pamoja na watu wa Yanga. Huko alianza kama mshauri, baadaye akawa mtendaji mkuu. Yanga haikuwa imepata ubingwa tangu msimu wa 2016/17. Katika 2021/22 iliupata bila kupoteza mchezo hata mmoja wa ligi, ikaongeza na Kombe la Shirikisho kwa mikwaju ya penati dhidi ya Coastal Union baada ya sare ya 3 kwa 3. Mwisho wa Julai 2022 akaondoka.

Basi yasemwa barazani kwamba mtu huyu “alijenga timu mbili”. Wengine husema hakujenga hata moja. Maneno yote mawili husemwa kwa kiapo.

Ni vema kulitazama neno lenyewe. Kitenzi *kujenga*, kwa mtu wa pwani, kina mawe, chokaa na boriti ndani yake. Hakina maana ya kununua nyumba iliyokwisha simama. Ndiyo maana wapenzi wa mpira hutofautisha *kujenga* na *kusajili*, na mara nyingi husikii sifa ya kwanza ikitolewa kwa mtu ambaye wamempa ya pili. Kadhalika *mfadhili* ni mwenye fedha, na *mlezi* ni mwenye jina na kauli, lakini *mtendaji* ni neno la ofisini ambalo baraza halijalipatia kazi. Nadhani nusu ya ubishi wetu umezaliwa hapo: watu wanamhukumu mtendaji kwa kipimo cha mwashi.

Tukimpima kwa Simba, dai la kujenga lina udhaifu ulio dhahiri. Clatous Chama na Meddie Kagere walifika 2018, kabla yake. Simba ilikwisha kuwa bingwa mara mbili mfululizo alipoingia. Lililotokea mikononi mwake ni kuondolewa kwa kocha Patrick Aussems Novemba 2019 na kuletwa kwa Sven Vandenbroeck, kisha Januari 2020 kusajiliwa Luis Miquissone, aliyekuwa akiichezea UD Songo ile ile iliyoitoa Simba katika mashindano ya Afrika miezi michache nyuma. Miquissone alifunga katika fainali ya Sumbawanga. Ni jiwe zuri, lakini ni jiwe katika ukuta uliokwisha pandishwa. Wala kuondoka kwake hakukuubomoa ukuta huo: msimu uliofuata, chini ya Barbara Gonzalez, Simba ilikuwa bingwa tena na kufika robo fainali ya Afrika.

Kwa upande wa Yanga shauri ni gumu zaidi. Mwaka 2021 waliingia Djigui Diarra, Djuma Shabani, Yannick Bangala, Khalid Aucho na Fiston Mayele. Na kocha Nasreddine Nabi alifika Aprili mwaka huo huo, baada ya Zlatko Krmpotić na Cédric Kaze kupita kwa haraka. Fedha zilitoka kwa wafadhili GSM, na Hersi Said wa kampuni hiyo alikuwa na mkono mrefu katika kuwatafuta wachezaji. Naye ndiye aliyechaguliwa rais wa klabu Julai 2022. Je, mtendaji abakiwe na nini? Zimebaki karatasi: mikataba, barua, vibali. Na karatasi zina ushahidi wake mchungu, kwani Septemba 2021 baadhi ya wachezaji hao wapya walikosa vibali vya uhamisho kwa wakati, na Yanga ikatolewa na Rivers United ya Nijeria kwa bao 1 bila nyumbani na 1 bila ugenini. Anayempa sifa ya ubingwa hana budi kumpa na lawama hii. Wengi huichukua moja na kuiacha ya pili, kulingana na rangi ya jezi.

Ushahidi wa nguvu kwa upande wake ulikuja baada ya yeye kwenda zake. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Shirikisho la Afrika, ikafungwa 2 kwa 1 na USM Alger Dar es Salaam, ikashinda 1 bila huko Algeria, na kukosa kombe kwa kanuni ya magoli ya ugenini. Magoli yote mawili ya Yanga yalifungwa na Mayele na Djuma Shabani, watu wa 2021.

Hapa msomaji wa tarikh ya Kilwa ataona jambo analolijua. Kitabu kile, ambacho kwa Kiarabu tunacho katika nakala ya 1877 na kwa Kireno katika kazi ya Barros ya 1552, huutaja msikiti mkuu kwa majina ya masultani: ulianguka zama za huyu, ukasimamishwa zama za yule. Machimbo ya Neville Chittick yameonyesha kwamba jengo lina awamu zake, sehemu ya kaskazini ikiwa ya kale, na ile ya kusini ikiongezwa katika karne ya 14 na kujengwa upya katika ya 15. Waliochonga matumbawe hawana jina. Sultani hakushika mwiko wa chokaa. Hata hivyo hatusemi tarikh inadanganya. Inahesabu kwa zama, na baraza la mpira nalo linahesabu vivyo hivyo: “wakati wa Senzo” ni tarehe kabla ya kuwa sifa. Kosa langu mwenyewe kwa muda mrefu lilikuwa kuisikia tarehe hiyo kama sifa.

Wapenzi wa Simba hawaihesabu hata kwa zama. Kwao Agosti 2020 imefunika yote, na neno wanalotumia ni *msaliti*, ingawa mwajiriwa aliyehama kazi hakuvunja kiapo cha mtu. Hukumu hiyo si ya kazi yake, na mwanahistoria aiweke kando.

Kwetu huku yuko mshindani mwingine ambaye jina lake halitajwi katika ubishi huo wote: Namungo wenyewe, walioshindwa Sumbawanga. Walipanda ligi kuu 2019, wakamaliza wa nne msimu wao wa kwanza, na kwa fainali ile wakapata njia ya Afrika. Wakawatoa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya 7 kwa 5, michezo yote miwili ikichezwa Dar es Salaam. Ukiuliza Ruangwa ni nani aliyewajenga, utaelekezwa kwenye uwanja wao, na jina la uwanja ni Majaliwa.